Karata ya Nane

Aprili 2020, seti ya Ikoria ilipoingia kwenye mchezo wa karata wa Magic, mwenye fungu la karata 60 aliruhusiwa kuketi mezani na karata saba mkononi na ya nane pembeni, imelala uso juu, haikuchangwa, haikukatwa, haikuokotwa. Huyo ndiye mwenza. Fungu lako lilipotimiza sharti lake, ulimwonyesha mpinzani kabla ya zamu ya kwanza, na mara moja katika mchezo huo uliweza kumcheza kutoka huko huko nje kana kwamba yumo mkononi. Waliocheza majira yale wanajua kilichofuata, kwa hiyo sitaisimulia mechi moja moja. Ninairudia kanuni ile kwa sababu naamini ndiyo uamuzi mbaya kuliko wote tangu Richard Garfield alipoutoa mchezo huu mwaka 1993, na kwa sababu wapo wanaoendelea kumwambia mchezaji mchanga kwamba mwenza atamsaidia kukua. Hatamsaidia. Atamwondolea swali lile ambalo kulijibu ndiko kukua kwenyewe: nitafanya nini na mkono huu nilioupata?

Tuanze na hesabu. Katika fungu la 60, karata yenye nakala moja ina nafasi 7 kati ya 60 ya kuwamo kwenye mkono wa kwanza, chini ya asilimia 12. Ukiweka nakala zote nne zinazoruhusiwa, nafasi ya kuiona angalau moja hufika karibu asilimia 40. Na hata ukishaona karata 11, bado ni asilimia 56 na ushei. Wajenzi wa mafungu wamehangaikia asilimia hizo tangu mwanzo, wakitoa mana, yaani nguvu ya kulipia karata, na zamu nzima ili kuichungulia karata moja zaidi. Mwenza alitoka chini ya 12 hadi 100 kwa nakala moja, tena nakala ambayo haikula nafasi hata moja kati ya zile 60, maana ilikaa kwenye akiba. Mpinzani akikulazimisha kutupa karata za mkononi, mwenza hayumo mkononi. Ukirudisha mkono mbaya ukabaki na sita, una saba. Na kumbuka kwamba adhabu ya kurudisha mkono ilikwisha kulegezwa mwaka 2019 kwa kanuni ya London, inayokupa karata saba kamili na kukuacha uchague ipi iende chini ya fungu, badala ya kuokota sita kavu kama kanuni ya zamani ya Paris ilivyotaka. Niliipinga kanuni hiyo ilipokuja na ninaipinga leo, kwa sababu kuamua kushika au kurudisha mkono kulikuwa mtihani mgumu kuliko yote mchezaji anayoipata kabla ya kuweka mezani ardhi yake ya kwanza, karata inayozaa mana. London iliurahisisha mtihani. Mwenza, mwaka mmoja baadaye, akaja na majibu yameandikwa pembeni.

Watetezi husema bei ililipwa wakati wa kujenga fungu: kila mwenza ana sharti, na sharti ni kujinyima. Hoja ingesimama kama kujinyima kungekuwa kwa kweli. Mtazame mwenza aitwaye Lurrus. Alitaka kila karata ya kubaki mezani iwe na gharama ya mana 2 au pungufu. Karata zinazotenda kazi yake papo hapo na kwenda kaburini hazikuguswa kabisa. Sasa nani, katika mifumo yenye karata za miaka mingi, alikuwa na hamu ya kulijaza fungu lake karata za mana tano? Tangu mwaka 1996, Paul Sligh alipong'ara Atlanta na fungu jekundu lililobuniwa na Jay Schneider, kila mwanafunzi wa mchezo huu amefundishwa kuzipanga gharama zake: za bei ndogo ziwe nyingi, za bei kubwa ziwe chache, mana isilale bure. Ule ulikuwa ujuzi wa kweli kwa sababu ulikuwa na upande wa pili. Fungu jepesi huishiwa pumzi. Umemwaga kila kitu mapema, mpinzani amenusurika, nawe umebaki mikono mitupu ukiomba karata ya juu ikuokoe. Mwanafunzi alipaswa kupima kasi dhidi ya ukame huo, mchezo hadi mchezo. Lurrus aliufuta ukame. Kiumbe wa 3/2 kwa mana tatu, pigo lake linakurudishia uhai, na kila zamu yako anakuruhusu kucheza karata moja ya bei ndogo kutoka kaburini. Wenye mafungu mepesi walilipwa kwa kufanya yale yale waliyokuwa wakifanya bure, na malipo yenyewe yakawa dawa ya ugonjwa wao wa pekee. Zaidi ya hapo, gharama yake iliandikwa kwa mana ya nyeupe au nyeusi, yoyote kati ya hizo, hivyo hata mwenye rangi moja tu alimpata. Sharti ambalo mtu analitimiza bila kubadili mwenendo wake ni zawadi iliyopewa jina la sharti.

Ushahidi uko kwenye mfumo wa Vintage. Huko karibu kila karata tangu 1993 ina ruhusa, na ile iliyozidi ukali kwa desturi huwekewa kikomo cha nakala moja badala ya kufungiwa. Black Lotus yenyewe, karata inayotoa mana tatu bila kugharimu kitu, ipo Vintage kwa nakala moja na mchezo unaendelea. Kinachoilinda meza hapo ni kuchanga: nakala moja kati ya 60 ni bahati, huwezi kuifanya mpango. Tarehe 18 Mei 2020, mwezi mmoja na siku chache baada ya Ikoria kuanza kuchezwa mtandaoni, Lurrus akafungiwa kwenye mifumo ya Vintage na Legacy; mwenza mwingine, Zirda, naye akafungiwa Legacy siku hiyo hiyo. Kikomo kisingefaa kitu, kwa sababu Lurrus alihitaji nakala moja tu na hiyo moja haikuwamo kwenye fungu. Na kwa kuwa Black Lotus hugharimu mana 0, Lurrus aliweza kuirudisha kutoka kaburini ikatumika tena. Mfumo uliouvumilia mchezo mzima wa Garfield, pamoja na makosa yake yote ya ujana, haukuweza kumvumilia paka wa mana tatu. Tatizo halikuwa maandishi yaliyo kwenye karata hiyo. Lurrus aliyechangwa ndani ya fungu ni karata nzuri tu. Tatizo lilikuwa mahali alipoketi.

Linalouma zaidi ni kwamba somo lilikwisha kutolewa kwa jirani. Aprili 2018, seti ya The Witchwood ya mchezo wa Hearthstone ilileta karata za Genn Greymane na Baku the Mooneater. Fungu lenye gharama za shufwa tupu, au witiri tupu, liliupata uwezo bora wa shujaa tangu mwanzo wa mchezo, iwe karata yenyewe imeokotwa au la. Aprili 2019, mwaka mzima kabla ya muda wao, wote wawili waliondolewa kwenye mfumo wa Standard. Mwaka mmoja baadaye Magic ikawatoa wenza kumi, na miongoni mwao Gyruda wa shufwa na Obosh wa witiri. Hapo ilikuwa imepita miezi mitano tu tangu Oko, karata nyingine iliyozidi ukali, afungiwe kwenye Standard ya Magic yenyewe, Novemba 2019. Aliyeunguzwa na uji wa jirani anapaswa kujua kupuliza wa kwake.

Pingamizi zito kuliko yote linasema hivi: bahati ikipungua, ustadi unapata nafasi. Anayepoteza kwa kukosa ardhi hajifunzi lolote, basi mpe karata ya uhakika acheze kweli. Naiheshimu hoja hii, lakini inachanganya mambo mawili. Kuipunguza bahati kwa maamuzi ni ustadi: unatoa mana kutazama juu ya fungu, unachagua ubaki na nini, na ukikosea unalipa. Kuipunguza bahati kwa tangazo kabla ya mchezo hakuhitaji uamuzi wowote baada ya hapo. Mike Flores, katika makala yake ya mwaka 1999 iliyowafundisha watu wengi kuliko kitabu chochote, alionyesha kwamba kosa linalopoteza mechi nyingi ni kutojua nani kati yenu ni mshambuliaji na nani ni mlinzi. Na jibu la swali hilo hubadilika kwa kila mkono unaookota. Ukiwa na mwenza, jibu lako huwa limeandikwa nusu tayari: zamu hii mpaka ile nitapunguzana na mpinzani, kisha Lurrus atashuka. Wachezaji wawili wakiwa na Lurrus, mchezo wa leo unakuwa wa jana.

Mlinganishe mchezaji wa namna hiyo na Craig Jones, nusu fainali ya Pro Tour Honolulu 2006, dhidi ya Olivier Ruel. Kila aliyeutazama mchezo ule anakumbuka Lightning Helix iliyotoka juu ya fungu, na wengi huishia kusema alikuwa na bahati. Kilicho bora kilitokea kabla ya hapo. Jones alipima, akaona kwamba kujihami kungemwahirishia kifo tu, akaielekeza karata yake ya Char usoni kwa mpinzani na kumwacha na pointi 3 za uhai, akijua ni karata gani zingeweza kummaliza. Alijitengenezea nafasi ya kuwa na bahati. Hiyo ndiyo shule aliyotoka Kai Budde na mataji yake saba ya Pro Tour, na ndiyo ya Jon Finkel: mtu anayejua nini kimebaki kwenye fungu lake, anapanga zamu hii kwa ajili ya karata ambayo bado hajaiona, na anakubali kwamba inaweza isije. Hakuna mwenza anayeweza kumfundisha mtu kupanga namna hiyo, kwa sababu mwenza siku zote anakuja.

Wengine watanielekeza kwenye mfumo wa Commander, ambako kila mtu anaanza na karata nje ya fungu na watu wanafurahi. Ni kweli, lakini angalia kilichojengwa kuizunguka. Kila aliyeketi ana jemadari wake, si mmoja tu. Mafungu ni ya karata 100, na ukiacha ardhi za msingi kila karata ina nakala moja, kwa hiyo uhakika wa karata ile moja unasawazishwa na tufani ya zile 99. Jemadari akirudi nje, kumcheza tena kunaongezeka mana mbili kila mara. Ule ni mchezo uliojengwa juu ya uhakika huo tangu msingi. Na hata Commander ililazimika kumfungia mwenza Lutri kabla seti ya Ikoria haijatoka, kwa kuwa sharti lake, kila karata isiyo ardhi iwe na jina tofauti, ni kanuni ya mfumo huo yenyewe; kila mwenye bluu na nyekundu angempata bure.

Na wapo wanaosema yamekwisha, kosa lilirekebishwa. Tarehe 1 Juni 2020 kanuni ilibadilishwa: sasa unalipa mana tatu kumtoa mwenza na kumweka mkononi, kisha unalipa gharama yake. Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo, walitenda haraka, na ilisaidia. Februari 2021 Lurrus aliruhusiwa tena Vintage. Lakini fuata kalenda. Machi 2022 Lurrus akafungiwa kwenye mifumo ya Modern na Pioneer, miezi 21 baada ya marekebisho. Oktoba 2022 Yorion akafungiwa Modern, naye ndiye aliyedai bei ya kweli kuliko wenzake: kwa fungu la karata 80 alilolitaka, nafasi ya kuiona karata yako ya nakala nne kwenye mkono wa kwanza hushuka kutoka asilimia 40 hadi 31. Desemba 2024 Jegantha akafungiwa Modern, na hakuna aliyewahi kumwogopa Jegantha. Alifungiwa kwa sababu aliwekwa popote sharti lilipotimia lenyewe, karata ya ziada isiyogharimu wazo. Kama kosa lingekuwa bei, mana tatu zingelimaliza. Kosa lilikuwa uhakika, na uhakika haupunguki kwa kuongezewa bei. Unachelewa tu.



Anayetaka kukua katika mchezo huu, ushauri wangu ni mmoja: jifunze kwa fungu lisilo na mwenza, hata pale sharti linapotimia lenyewe na wote mezani wanakuambia umchukue. Utapoteza michezo kadhaa ambayo angekushindia. Lakini utalazimika kuamua kama mkono wa ardhi mbili unashikika, kuhesabu zimebaki nakala ngapi, kujua lini wewe ndiye mlinzi, na kuiandaa zamu ya leo kwa karata ya kesho. Ukimaliza kuchanga unamsogezea mpinzani fungu lako alikate, na kwa kitendo hicho mnakubaliana kwamba hakuna kati yenu anayejua kilichoko juu. Mwenza ni karata pekee ambayo mpinzani hakupewa nafasi ya kuikata.