Usingizi wa Pono

Kihifadhi skrini ni kitu chenye haya. Ukikaa mbali kinacheza. Ukigusa kipanya tu, kinatoweka na kukuachia ile barua uliyoikimbia. Ndivyo kilivyozaliwa. Vioo vya kompyuta za zamani, zile zenye kisogo kikubwa, vilipakwa fosfori kwa ndani, na picha iliyokaa palepale muda mrefu iliacha kovu. Desemba 1983 John Socha alichapisha katika jarida la Softalk programu fupi iitwayo SCRNSAVE. Kibodi isipoguswa dakika tatu, skrini inakuwa nyeusi. Basi. Samaki walikuja baadaye, watu walipochoka kutazama giza.

Mimi nilikutana nao kwenye duka la intaneti, enzi za kulipia kwa dakika. Kompyuta isiyo na mteja ilijaa bahari, nasi wenye mifuko mitupu tulisimama nyuma ya viti tukiitazama bure mpaka mwenye duka akohoe. Wengi wa samaki wale walikuwa picha bapa zikivutwa kutoka kushoto kwenda kulia. Zikifika ukingoni zinageuka paa! kama karata. Halafu siku moja nikaona kazi ya Jim Sachs, Marine Aquarium, iliyotoka mwaka 2000. Sachs alikuwa rubani wa jeshi la anga la Marekani kabla ya kujulikana kwa picha alizochora kwa kompyuta za Amiga. Samaki wake waligeuka kwa mwili mzima, kichwa kikitangulia na mkia ukifuata. Hadi leo nawaheshimu. Ila hawakuwa na habari nami. Ningelia mbele yao, wasingepunguza mwendo hata wa pezi moja.

Hapo ndipo inapoanzia kazi ninayotaka kuisifu: kumfanya samaki wa kiooni atambue kwamba nje yupo mtu.

Msingi wake uliwekwa zamani. Mwaka 1987 Craig Reynolds alieleza jinsi ya kuendesha kundi zima bila kiongozi. Kila kiumbe kinawaangalia jirani zake tu: kisiwagonge, kielekee wanakoelekea, kisiachwe nyuma. Kwa kanuni hizo tatu unapata kundi linalopinda kama dagaa walioona kivuli cha jodari. Mwaka 1994, Toronto, Xiaoyuan Tu na Demetri Terzopoulos wakaenda mbali zaidi. Samaki wao alikuwa na mwili wa springi 91, baadhi zikiwa misuli, na ndani yake wakamtia njaa, hofu na ashiki. Hakuna aliyemchorea njia ya kupita. Aliogelea kwa kuwa alikuwa na njaa.

Nami nimejenga tangi langu, usiku usiku, baada ya kazi za watu. La kwanza nililofanya ni kuvunja ile haya: kipanya hakiifungi tena programu, inafungwa kwa kitufe kimoja tu. La pili lilikuwa kosa. Niliwaamuru samaki wote wakifuate kishale. Wakamiminika kama kuku waliomwagiwa mtama, wakasongamana pale kwenye ncha, kishale kikienda nao wanakwenda. Binti yangu, ana miaka sita, alicheka, akachezacheza dakika mbili, akaondoka kwenda kutafuta kamba yake ya kuruka. Hakurudi. Na alikuwa na haki: samaki anayekuja kila akiitwa ni swichi ya taa iliyoota mapezi.

Nikafuta, nikaanza upya. Sasa kila samaki ana hesabu mbili zake mwenyewe, ya njaa na ya hofu, na hazilingani na za mwenzake. Ukidondosha chakula, hakuna anayekurupuka. Kitatange mmoja, niliyemjalia ujasiri kuliko wengine, anasita kidogo, anageuza jicho, anasogea nusu ya njia, anasimama. Akidonoa ndipo wa pili anakuja. Kule kusita kwake kulinigharimu wiki nzima ya kupunguza na kuongeza, na sioni haya kusema ndiko sehemu bora ya programu yote. Ukigonga kioo, yaani ukibofya kwa nguvu, aliye karibu anajikunja kama herufi C kisha anafyatuka, jinsi samaki halisi anavyofanya akishtuka. Walio mbali hawakusikia mlio; wanashtuka kwa sababu jirani ameshtuka. Hofu inapita kundini kama upepo juu ya shamba la mpunga, na huko mwisho wamo wasiojua kabisa wanamkimbia nani.

Ukigonga mara nyingi wanakuzoea, wanakupuuza. Ukiwalisha saa ileile kila siku, wanaanza kujikusanya pembeni mapema, kama wafanyavyo samaki wa kufugwa. Binti yangu aligundua hilo bila kuambiwa. Sasa akitoka shule anapita kwanza kwenye kompyuta, sare ikiwa mwilini, kuona kama wanamsubiri.

Kilichobaki kilikuwa usiku. Waswahili tunasema mtu amelala kama pono, na bahari inatuunga mkono: wako pono ambao usiku hujitengenezea mfuko wa ute, wakajifunika humo mpaka asubuhi. Basi nikaifunga programu kwenye saa ya kompyuta. Jua likizama maji yanaingia wingu la buluu, na ilipo miamba pono wangu anajitandia ule mfuko mwembamba. Rafiki yangu, mwandishi wa programu kama mimi, alibofya mara kumi akaniambia nimeacha kasoro, huyu mmoja hafanyi kazi.

Binti yangu ndiye aliyemjibu, kwa kunong'ona, kidole mdomoni: "Shii, anko. Amelala."