Foleni ya Durbin

Mradi wa Jenomu 1000 ulipotoa matokeo yake ya mwisho mwaka 2015, ulikuwa na watu 2,504 wa jamii 26, wakiwemo Waluhya wa Webuye, Kenya, na nafasi takriban milioni 88 ambazo vinasaba vya watu hao hutofautiana. Faili la VCF, muundo uliozaliwa ndani ya mradi huohuo, huipa kila nafasi mstari wake na kila mtu safu yake. Asiye na badiliko lolote huandikwa 0|0: alama tatu, na ya nne ya kumtenga na jirani. Piga hesabu utapata gigabaiti 880 hivi kabla ya kubanwa, nyingi zikiwa sifuri tupu.

Programu ya PLINK, ya mwaka 2007, ilikata njia fupi. Kila mtu biti mbili, watu wanne kwenye baiti moja; 880 zinashuka hadi 55. Lakini faili lake halikumbuki ni mabadiliko yapi yamekaa pamoja kwenye nakala moja ya kromosomu, na asiye na badiliko anakula biti zilezile mbili.

Mtaalamu wa jenomu Richard Durbin, mwaka 2014, alishughulika na mpangilio wa nakala hizo, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye akili. Chukua nakala nne za kromosomu: A, B, C, D. Kwenye nafasi ya kwanza zina 0, 1, 0, 1. Kabla ya kusoma nafasi ya pili, zenye 0 zinatangulia, zenye 1 zinafuata, bila kurukana ndani ya kundi. Foleni inakuwa A, C, B, D. Fanya hivyo kila nafasi. Muda si mrefu, zinazosimama jirani ni zile zinazofanana kwenye kipande kilichotangulia. Na kwa kuwa kromosomu hurithiwa kwa vipande virefu, jirani huwa na thamani ileile kwenye nafasi inayofuata pia. Badala ya alama 5,008 zilizochanganyika (mbili kwa kila mmoja wa wale 2,504), unaandika mathalani: sifuri 4,000, moja 12, sifuri 996. Foleni yenyewe haihifadhiwi, msomaji huijenga upya kutokana na biti anazosoma.

Heng Li aliitumia mbinu hiyo kwenye programu yake ya BGT: watu 32,488, nafasi milioni 39.2, gigabaiti 7.4. Kwa biti mbilimbili zingezidi 300.

Ubaya wake ni kwamba huwezi kurukia katikati ya kromosomu bila kuijua foleni ya hapo, ndiyo maana BGT huihifadhi kila baada ya mistari kadhaa. Tena nakala ya mama na ya baba sharti zitenganishwe kwanza, kazi ambayo mara nyingi hufanywa kwa makadirio ya kitakwimu. Kadirio likikosea, nakala inasimama kwa majirani wasio wake, mifululizo inakatika, na faili linavimba.