Asha wa "Pumzi" na Binti wa Bonde la Upepo

Kuna kazi ukiitazama mara ya kwanza unapiga makofi, ukiirudia unaanza kujikuna kichwa. Filamu fupi ya Pumzi, iliyoongozwa na Wanuri Kahiu wa Kenya mwaka 2009, kwangu ni kazi ya namna hiyo. Nilipoiona mwanzo niliisifu mno mbele ya wenzangu. Nikasema huyu Asha ndiye shujaa wa kike tuliyemkosa siku zote. Sasa nimeirudia, safari hii sambamba na katuni ya zamani ya Kijapani, Nausicaä wa Bonde la Upepo, ya Hayao Miyazaki (1984). Msomaji mwenzangu, leo nimekuja kujikosoa.

Tuanze na kisa. Ni miaka 35 baada ya Vita Kuu ya Tatu, vita ya maji. Juu ya ardhi hakuna kinachoota. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo wao husafishwa wakanywa tena, na umeme wanauzalisha kwa miili yao wenyewe juu ya mashine za mazoezi. Hata ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha (Kudzani Moswela) anatunza makumbusho ya viumbe vilivyotoweka. Siku moja anapokea udongo ambao haukutajwa umetoka kwa nani. Anaupima, anakuta una unyevu na hauna sumu. Anapanda mbegu, inachipua. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, wakubwa wanakataa: nje kumekufa, basi. Anatoroka.

Sisi wa Ngombezi hatuhitaji kuelezwa sana habari hiyo. Mto Pangani unapita huku kwetu Korogwe, na jirani zetu wa Handeni wanajua dumu la maji lina thamani gani. Ndiyo maana ile picha ya Asha akikinga matone ya jasho lake kwenye chupa haikuonekana kwetu kama mambo ya mbinguni. Hapo Kahiu amefanikiwa kweli bin kweli. Ameuchukua mtungo wa kisayansi, ambao wengi wetu tulidhani ni wa Wazungu na vyombo vyao vya angani, akaushusha hadi kwenye kikombe cha maji.

Kwa upande wa fani, filamu ina dakika kama 21 tu na maneno machache. Wakubwa wanasema na Asha kupitia mashine, sauti baridi isiyo na mate. Mtunzi amefanya vizuri: mahali ambapo hata pumzi inapimwa, mazungumzo nayo yamekauka.

Sasa tuvuke hadi Japani. Nausicaä naye anaishi baada ya vita iliyoteketeza dunia. Msitu wenye sumu unasambaa, na kila dola inataka kuuchoma. Huyu binti, kama Asha, ni mtu wa kupima na kuchunguza. Chini ya nyumba yao ana chumba cha siri alimootesha mimea ya msitu huo kwa maji na mchanga safi, akagundua kwamba haitoi sumu. Baadaye anaanguka hadi chini ya msitu na kuona kwamba miti hiyo ndiyo inayoisafisha ardhi. Miaka 25 kabla ya Pumzi, swali ni lile lile: nani kasema udongo umekufa?

Lakini tazameni wahusika. Nausicaä hayuko peke yake. Yupo Kushana, binti mfalme mwenye mkono wa chuma, anayetaka kuuchoma msitu. Si shetani: naye ameumizwa na wadudu wa msitu. Yupo bibi kizee kipofu, mwenye kumbukumbu ya kijiji. Wapo wanakijiji wanaolumbana. Mwanamke mmoja anakosea, mwingine anaonya, mwingine anathubutu. Nausicaä mwenyewe huua askari kwa hasira baada ya baba yake kuuawa, halafu anajiogopa. Huyo ni mtu, siyo bango.

Asha je? Anafika jangwani, anapanda mche wake, anaumwagilia tone lake la mwisho, anaufunika kwa nguo na kulala kando yake. Kamera inapanda juu, mti unakua pale alipolala. Mwanzoni nililengwa na machozi. Safari hii nikajiuliza: kwa nini kila tukimpata mwanamke shujaa lazima tumzike? Mama anayejitoa hadi kuisha tunamsifu sana, halafu kesho yake tunamwachia ndoo.

Mwenzangu mmoja hapa ananipinga. Anasema, angalia mkonge: ukitoa mlingoti wake na kuchanua, unakufa, na ndivyo unavyoacha vichipukizi. Hoja nzuri, bwana. Lakini hata mkonge hauachi kichipukizi kimoja, na shamba halikuwahi kuwa la mche mmoja. Nausicaä naye anakufa mbele ya wadudu waliopandwa na hasira, akafufuliwa kwa muujiza ambao mimi nauona wa haraka mno. Ila baada ya hapo tunaonyeshwa kijiji kizima kikijenga upya na kupanda miti.

Na Kenya yenyewe ilikuwa na mfano. Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akapata tuzo ya Nobel mwaka 2004. Makumi ya mamilioni ya miti yalipandwa na vikundi vya wanawake, waliolipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Waliendelea kuishi, wakapanda mwingine.

Haki tuitende: mbegu ya jambo hilo imo ndani ya Pumzi. Anayemsaidia Asha kutoroka ni mwanamke mfanya usafi, ambaye Asha alishamgawia maji yake. Wawili hao, kimyakimya msalani, ndio uasi mkubwa kuliko wote filamuni. Halafu tunamwacha ndani na ufagio wake, hatumwoni tena.

Itazameni Pumzi, bado naipenda. Lakini anayetaka kuandika hadithi ya kisayansi toka huku kwetu, namwomba aanze na yule mama wa usafi. Mlango ukishafunguka, yeye atatoka lini?