Skeli ya Ramani Hupotelea kwenye Printa

Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko. Waliingiza majengo, vichochoro na mitaro kwenye ramani huria ya mtandaoni ya OpenStreetMap, na ramani zilizochapwa zikarudi kwenye kata. Anayetaka kuchapa ramani ya aina hiyo kwa programu ya QGIS ana jambo moja kubwa la kulinda: skeli.

Data za OpenStreetMap huja kwa digrii, na digrii hazipimiki kwa rula. Kwa Dar es Salaam, weka mradi wako wa QGIS kwenye mfumo wa majira wa UTM, kanda ya 37 Kusini, msimbo EPSG:32737, ili vipimo vyote viwe vya mita.

Kisha chagua karatasi kabla ya kupanga kichwa, ufunguo na mshale wa kaskazini. A0 ina milimita 841 kwa 1,189, na roli ya inchi 36 ya plota, yaani printa ya karatasi kubwa, ina upana wa milimita 914, hivyo A0 inaenea bila kubanwa. Acha milimita 20 kila upande, kwa kuwa plota nyingi hazifikishi wino ukingoni. Kwa skeli ya 1:2,500, nafasi iliyobaki hubeba takriban kilomita 2.9 kwa 2. Kata ikizidi hapo, igawe katika karatasi mbili. Ukipunguza skeli, vichochoro vitapotea.

Ramani itolewe kama faili la PDF, nukta 300 kwa inchi. Ikigeuzwa picha tupu, A0 hufikia pikseli 9,933 kwa 14,043, mzigo unaoweza kuikwamisha printa yenye kumbukumbu ndogo. Mistari ikibaki mistari, faili huwa jepesi na maandishi hubaki makali. Kwa hiyo punguza matabaka yenye uwazi na vivuli, maana ndiyo yanayoilazimisha programu kuyageuza picha.

Hatari kubwa iko kwenye dirisha la kuchapia. Mara nyingi kompyuta hupendekeza kuibana kazi ienee kwenye karatasi. Ikibanwa hadi asilimia 97, ramani iliyoandikwa 1:2,500 huwa takriban 1:2,577. Anayepima mtaro wa sentimita 40 atahesabu mita 1,000, ilhali ardhini ni mita 1,031. Kwenye mtaa uliosongamana, mita 31 ni nyumba kadhaa. Chagua ukubwa halisi, asilimia 100.

Usiache pia kuweka mstari wa skeli. Namba iliyoandikwa haibadiliki karatasi ikibanwa, lakini mstari hubanwa pamoja na ramani, hivyo bado husema kweli.

Ramani ikitoka, weka rula juu ya mstari huo: mita 100 lazima ziwe sentimita 4 kamili. Zikipungua, rekebisha printa uchape upya, kwa sababu mtendaji wa kata atakayepanga mitaro kwa karatasi hiyo hana njia nyingine ya kujua kwamba imebanwa.