Kusoma kwa Muhuri: Kezilahabi na Wasomaji Wake

Kada anapopewa kitabu cha fasihi, cha falsafa au cha dini, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: mwandishi huyu ni mwenzetu au si mwenzetu? Swali lenyewe si baya. Katika jamii yenye matabaka hakuna kitabu kinachoandikwa angani, na msomaji asiyejiuliza kitabu kinamtumikia nani ni msomaji aliyelala. Ubaya ni kwamba wengi wetu tukishalipata jibu huacha kusoma. Tunachukua muhuri, tunagonga, tunakirudisha kitabu kwenye rafu.

Katika makala hii tunakusudia kuichambua tabia hiyo kwa kutazama jinsi vitabu vya mwandishi mmoja, Ndugu Euphrase Kezilahabi, vilivyopokewa na wasomaji wa nchi hii. Alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944. Akasoma seminari, akasoma na kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamalizia kazi yake ya ualimu Botswana, akafariki Januari 2020. Tumemchagua yeye kwa sababu katika kazi zake fasihi, falsafa na imani zimekaa nyumba moja, na kwa sababu karibu kila aina ya msomaji amekwisha kumgongea muhuri wake.

Tuanze na Rosa Mistika, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1971. Ni habari za binti aliyelelewa na baba mlevi na mkali, akafungiwa mbali na wavulana kwa fimbo, akaenda shule na chuo bila kujua namna ya kujilinda, akaharibikiwa, akajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa hoja ya kulinda maadili. Kila mtu wa rika la wazee wetu anajua kilichofuata: kilisomwa chini ya madawati na mabwenini, kurasa zile zile zikitafutwa na zingine zikirukwa. Baadaye kiliruhusiwa, kikawa kitabu cha kutahiniwa. Sasa mwanafunzi anaandika kwamba dhamira kuu ni malezi mabaya, anapata alama zake, yamekwisha. Wa kwanza alikisoma kwa ajili ya aibu, wa pili kwa ajili ya mtihani. Mzee Zakaria na fimbo yake walipita katikati yao salama.

Tumekijadili kitabu hiki darasani kwetu mara kadhaa. Vijana wa kiume huanza daima na Rosa: alikosea wapi, angefanya nini. Mwaka mmoja dada mmoja alisimama akauliza kwa nini saa nzima imepita na hakuna aliyewataja wanaume waliomtumia Rosa, ambao kwa vyeo vyao walikuwa watu wa heshima. Ndugu zetu walinyamaza. Hilo ndilo swali la kitabaka kuhusu Rosa Mistika, na halikutoka kwa mkufunzi.

Kichwamaji (1974) ilipata muhuri wa aina nyingine. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, haoni maana ya maisha, hana tena imani ya wazazi wake, na mwishowe anajipiga risasi. Wandugu wakasema: huu ni ubinafsi wa mabwanyenye ulioletwa kutoka Ulaya. Waumini wakasema: huyu mwandishi amemkana Mungu. Angalieni jinsi makundi mawili yasiyokubaliana kwa lolote yalivyosoma kwa njia moja. Yote mawili yalichukua maneno ya Kazimoto yakayatia kinywani mwa Kezilahabi, kana kwamba mwandishi akimwandika mwizi basi naye ameiba.

Sisi hatusemi kwamba Kichwamaji haina kasoro. Kwa maoni yetu mwandishi ameuchukua ugonjwa wa msomi mmoja akaufanya ugonjwa wa binadamu wote. Wakulima wanaomzunguka Kazimoto wana njaa, wana kodi, wana watoto wanaoumwa; hawana nafasi ya kukaa na kuuliza kama maisha yana maana. Lakini hoja hii tuliipata baada ya kusoma hadi ukurasa wa mwisho, na baada ya kukiri kwamba vijana wengi tuliowapeleka vyuoni kwa jasho la wakulima hao walirudi wakiwa kama Kazimoto hasa: hawawezi kukaa kijijini, hawawezi kusema kwa nini. Mwandishi hakuiunda hali hiyo. Aliikuta.

Tunafika sasa kwenye Gamba la Nyoka, na hapa hatuna haraka, kwa maana hapa ndipo muhuri wa kada unapogonga kwa nguvu zaidi. Riwaya ilitoka mwaka 1979. Inahusu kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa: wasomi wanaokuja kuwaelimisha wanavijiji, wanavijiji wanaogoma, nguvu inayotumika. Nakala iliyopo maktaba ya chuo tunachofundishia imebandikwa jalada la karatasi ya kaki, na kingo za kurasa zake zimeandikwa kwa penseli na vizazi vya wanafunzi. Pembeni mwa maneno ya mwanakijiji mmoja anayekataa kuhama mtu ameandika: "Mpinga maendeleo." Mwandiko mwingine, mdogo zaidi, umeongeza chini yake: "Au mwandishi?" Hakuna wa tatu aliyeandika kitu.

Tuweke mambo wazi. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Operesheni Vijiji iliendelea hadi 1976, na mamilioni ya wananchi walihamia. Shule, zahanati na visima vilivyofuata ni ukweli wa historia, na anayevisahau haisomi nchi yake. Lakini mabavu ya baadhi ya watekelezaji nayo ni ukweli wa historia. Je, mwandishi anayeyaandika mabavu hayo ameupinga ujamaa? Chukueni Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, mfungue ibara ya 15. Chama kinamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu juu ya wananchi. Chukueni pia maandishi ya Mwalimu ya mwaka 1968 kuhusu uhuru na maendeleo, anapofundisha kwamba watu hawaendelezwi bali hujiendeleza wenyewe, na kwamba huwezi kumswaga mtu kwa fimbo hadi kwenye ujamaa. Sasa isomeni Gamba la Nyoka na karatasi hizo mbili zikiwa mezani. Mtaona kwamba kipimo anachokitumia mwandishi dhidi ya watekelezaji ni kile kile cha Chama. Aliyeandika "mpinga maendeleo" kwa penseli aliukosoa Mwongozo bila kujua.

Kuna jambo jingine linalotuchekesha kidogo. Mwaka 2011 Chama kilizungumza nchi nzima juu ya kujivua gamba. Mikutanoni, magazetini na kwenye vijiwe vya kahawa neno lilikuwa hilo. Tuliwauliza makada wengi wakati ule kama wanajua kuwa kuna riwaya ya miaka zaidi ya thelathini iliyobeba neno hilo hilo jaladani, na inayomfanya msomaji ajiulize nini hubaki ndani gamba likishavuliwa. Walioisoma walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Lingekuwa somo zuri la tawi, tena la bure.

Juu ya Kaptula la Marx tutasema machache. Tamthilia hiyo iliandikwa miaka ya sabini, ikachapishwa mwaka 1999 tu. Inawadhihaki viongozi wanaovaa kaptula kubwa kuliko viuno vyao. Kwa hiyo vizazi viwili vya makada vilikosa nafasi ya kucheka pale vilipohitaji kucheka, na kucheka pia ni namna ya kujikosoa.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vyembamba, na ndivyo vinavyorudishwa maktaba upesi kuliko vyote. Wanafunzi wanasema havieleweki. Tunawaelewa. Hakuna hadithi iliyonyooka, wakati unajizungusha, majina ya wanafalsafa yanapita kama watu sokoni. Katika Nagona msimulizi anaingia mji uliokufa kimya na kumkuta padri anayengoja watu waje kuungama. Katika Mzingile anamtafuta mzee mmoja ampelekee habari ya kifo cha mwanawe. Na msomaji aliyelelewa kanisani hahitaji kuambiwa mzee huyo ni nani.

Mwanafunzi wetu mmoja, mtu wa sala, alikirudisha Mzingile akasema kwa adabu kwamba hawezi kuendelea, kinamkufuru Mungu. Mwenzake, anayejiita myakinifu, alikifurahia kwa sababu ile ile: alisema Kezilahabi amethibitisha kwamba dini ni uongo. Tuliwakalisha pamoja tukawaomba kila mmoja atuoneshe ukurasa unaosema hivyo. Walitafuta kwa muda mrefu. Kwa mara ya kwanza walikuwa wanasoma. Yule wa sala ndiye aliyetangulia kuona kwamba mtu asiyemjali Mungu hasafiri njia ndefu namna ile kumpelekea tanzia.

Rafiki yetu myakinifu hatukumwacha aende hivi hivi. Tulimwuliza Marx alisema nini juu ya dini. Akajibu mara moja: ni kasumba. Tukamwuliza maneno yanayotangulia hilo. Hakuyajua, na wengi wanaolirudia neno hilo hawayajui. Katika aya hiyo hiyo, aliyoichapisha mwaka 1844, Marx anayazungumzia mateso halisi ya walioonewa, na dini kama sauti ya mateso hayo. Anayeinukuu nusu ya aya amemfanyia Marx kile ambacho wengine walimfanyia Kezilahabi. Kwa Kiswahili chetu neno lenyewe linatutega zaidi: kasumba ni afyuni, na ni pia yale mawazo ya kikoloni tuliyorithi bila kuyapima. Mtu anaweza kulikariri neno la Marx dhidi ya kasumba kwa kasumba.

Ndugu mmoja aliyesoma rasimu ya makala hii ametuuliza: basi hakuna kitabu cha adui? Vipo. Vipo vilivyoandikwa ili kutufundisha kujidharau, na tunavifundisha hivyo. Lakini tazameni jinsi Mwalimu mwenyewe alivyosoma. Alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, mwaka 1969, hakuiita jina la mfanyabiashara. Aliiita Mabepari wa Venisi, kwa wingi. Hapo kuna msimamo, tena msimamo mkali: Shylock si bepari pekee mjini mle, na Wakristo wanaomcheka wanafanya biashara vile vile. Hata hivyo hukumu yake aliiweka jaladani tu. Ndani alifanya kazi ya mstari kwa mstari, akamwachia Shylock malalamiko yake yote. Mtu huyo huyo, aliyeliongoza Azimio la Arusha, baadaye aliziandika Injili kwa utenzi. Hatujamsikia kada yeyote akiuliza kama alikuwa mwenzetu.

Tunalazimika kumalizia kwa kujikosoa, maana haya hatukuyajua siku zote. Miaka kadhaa iliyopita tulimpa mwanafunzi mmoja alama 38 kwa mia kwa insha yake juu ya Gamba la Nyoka. Tuliandika kwa wino mwekundu kwamba anaonea huruma nguvu za upinzani. Tulipokuwa tukiandaa makala hii tuliitoa insha ile kwenye jalada tukaisoma upya. Katika ukurasa wa tatu amerejea ibara ya 15 ya Mwongozo, kwa usahihi, na ameilinganisha na kitendo cha mtekelezaji mmoja riwayani. Hoja tuliyoiandika hapo juu kana kwamba ni yetu ilikuwa yake. Wino wetu mwekundu umepita juu yake.

Ndugu huyo alikwisha kuhitimu na sasa ni katibu wa kata. Matokeo ya mwaka ule yamefungwa na hayabadilishwi. Tumemwandikia barua na kumwomba ruhusa ya kuisomesha insha yake muhula ujao, pamoja na maoni yetu ya wakati ule, bila kuyafuta. Amejibu kwamba anakubali, ila anaomba arudishiwe nakala halisi, kwa sababu hakuwahi kuwa na nyingine.