Nyika na Kumbukumbu: Uhakiki wa Tafiti za Taaluma Mtambuka Kuhusu Serengeti Magharibi

Mji wa Bunda, pamoja na kata zake kama vile Nyasura, uko baina ya Ziwa Viktoria na ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Maisha ya wakazi wake hayakugawanywa kwa idara: bei ya samaki mwaloni, afya ya ng'ombe na mapito ya nyumbu huweza kugusa chungu cha kaya moja. Kwa hiyo, eneo hili linafaa kupimia dai la makundi ya watafiti wa vyuo vikuu kwamba kazi zao ni za taaluma mtambuka.

Mfano unaofahamika zaidi ni juzuu nne kuhusu Serengeti zilizohaririwa na Sinclair na wenzake (1979, 1995, 2008, 2015). Mchango mkubwa wa watafiti hao ni kuonesha kwamba kuchanja ng'ombe dhidi ya sotoka kuliwanusuru pia wanyamapori. Nyumbu, waliokadiriwa kuwa 250,000 hivi mwaka 1961, walizidi milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Walipoongezeka, nyasi zilipungua, moto ukapungua, na miti ikaanza kurudi. Hapa tabibu wa mifugo, mwanaikolojia na mwanahisabati walihitajiana kwelikweli.

Binadamu, hata hivyo, alichelewa kuingia. Katika jina la juzuu ya 2008 anatajwa kama chanzo cha athari. Katika lile la 2015 anakuwa sehemu ya mfumo mmoja na maumbile. Badiliko hilo linastahili pongezi, ingawa halijagusa vya kutosha namna ya kuuliza. Mkazi anahesabiwa: anakula nini, ana mifugo mingapi, anaishi umbali gani kutoka mpakani. Anachokumbuka hakipewi uzito uleule.

Pengo hilo linaonekana wazi zaidi juzuu hizo zinaposomwa sambamba na kazi za mwanahistoria Jan Bender Shetler. Mkusanyo wake wa 2003 ulichapisha, kwa Kiswahili na Kiingereza, historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara wenyewe. Kitabu chake cha 2007 kinaonesha jinsi Waikizu, Wanata, Waikoma na jirani zao wanavyoikumbuka nyika kupitia vilima, chemchemi na mahame, mengine yakiwa sasa ndani ya hifadhi. Mwaka 1961, ambao kwenye grafu ya nyumbu ni mwanzo, katika masimulizi hayo ni katikati ya kisa. Njaa, maradhi na uvamizi wa mwishoni mwa karne ya 19 vilikwisha kuwatawanya watu, na hifadhi ikatangazwa mwaka 1951. Masimulizi hayahesabu nyumbu, na hayapaswi kulazimishwa kufanya hivyo. Yanachohoji ni uteuzi wa mwanzo. Ni kweli pia kwamba masimulizi nayo huchagua: Shetler alilazimika kurudi kwenye kumbukumbu za wanawake katika kitabu cha 2019, kwa kuwa historia za koo na makabila zilikuwa zimetawaliwa na sauti za wanaume.

Utafiti wa kichaa cha mbwa wa Hampson na wenzake (2009), uliofanyika katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, unakaribia zaidi muungano unaodaiwa. Watafiti walianza na taarifa za watu na wanyama walioumwa, kisha wakaifuata kaya moja baada ya nyingine wakiuliza mbwa yupi alimuuma nani, lini, na alitokea wapi. Bila majibu hayo, hesabu za uambukizaji zisingekuwa na pa kushika. Simulizi la mwanakijiji limekuwa nguzo ya hoja. Lakini likishatoa mbwa, tarehe na mahali, kazi yake imekwisha. Namna familia ilivyoutambua ugonjwa, au ilivyoamua kumuua mbwa wake au kumwacha, haimo katika hesabu, japokuwa ndiyo huamua kama mbwa ataletwa siku ya chanjo.

Bado haujaonekana utafiti unaoweka historia za Kiswahili za 2003 kando ya picha za angani za nyika ileile, hame kwa hame, ukiuliza palipoungua, palipolimwa na palipofungwa na vichaka. Kazi hiyo inamhitaji msomaji wa matini kuanzia siku swali linapotungwa, wala si mkalimani anayeitwa dodoso likiwa tayari limechapwa.