Wasioijua Kesho

Tuseme mtunzi ameketi kuandika habari za mwanamke wa Bagamoyo, mwaka 1908. Asubuhi mwanamke huyo anakwenda sokoni kununua samaki. Sentensi yenyewe haina makuu, hata mtoto wa darasa la tano ataiandika. Lakini mwandishi wa riwaya ya kihistoria haivuki mpaka ajue mama huyo amefunga nini kwenye pindo la kanga yake. Shilingi? Bado haijafika. Ni enzi ya Mjerumani, na fedha ni rupia. Zamani rupia moja ilivunjwa kwa pesa 64, ila tangu 1904 inavunjwa kwa hela 100, na mtunzi anaanza kumwona mzee mmoja pale sokoni ambaye bado anahesabu kwa pesa na kubishana na wachuuzi. Je, kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa 1898, mama amelipa au anadaiwa? Usiku atawasha taa gani, kwa mafuta gani? Nusu siku imekwisha na samaki hajanunuliwa.

Nauheshimu sana uchunguzi huo. Wengi wanapoisifu riwaya ya kihistoria husifia hapo: mwandishi kajifungia kwenye nyaraka, kasoma mafaili yaliyoliwa na mchwa, kawahoji wazee mpaka wamemchoka. Ni kweli, na ni jasho. Hata hivyo, nionavyo mimi, kazi ngumu kuliko zote huanza baada ya hapo, pale mtunzi anapotakiwa kuyanyamazia mengi ya yale aliyoyatafuta kwa taabu.

Turudi Bagamoyo. Mume wa mama huyo ni mpagazi, ameondoka na msafara kwenda bara. Mtunzi amesoma, kwa hiyo anajua kwamba reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 imekwisha kufika Morogoro mwaka 1907, kwamba itafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na kwamba misafara iliyoifanya Bagamoyo iwe mji mkubwa inaelekea kufa. Mama hayajui hayo. Yeye anaona tu kwamba mwaka huu watu wamechelewa kurudi, na kwamba mwenye duka la nguo hakopeshi tena kama zamani. Atawaza nini? Pengine mito imefurika. Pengine kuna maradhi njiani. Pengine mume ameoa mwanamke mwingine huko Unyamwezi. Mtunzi mwenye pupa atamtia maneno mdomoni, amfanye aseme kwamba reli itawamaliza. Mtunzi stadi atamwacha amkasirikie mumewe. Na msomaji, anayejua habari za reli, atasoma hasira ile huku moyo unamuuma, kwa sababu anaiona bahati mbaya inayomjia mtu asiye na habari.

Huko ndiko kuwatendea haki watu wa kale. Sisi tunawaona wamefika mwisho wa safari yao. Wao walikuwa katikati, kama tulivyo sisi leo, wakibahatisha. Kumwondolea mtu wa 1908 wasiwasi wake ni kumwondolea nusu ya ubinadamu wake.

Ebrahim Hussein aliliona hilo katika Kinjeketile, tamthilia iliyotoka 1969. Najua tamthilia si riwaya, lakini fundi ni fundi. Mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha kubuni, si yule mtu wa historia, aliyewapa wapiganaji wa Maji Maji dawa ya maji ya kuzuia risasi, alivyokuwa hasa. Alihitaji uhuru huo. Vita vya Maji Maji viliwaka mwaka 1905 Umatumbi, watu walipong'oa mipamba waliyolazimishwa kuilima, na kila mtoto wa shule anajua kwamba risasi hazikugeuka maji. Sasa mwandishi afanye nini na elimu hiyo? Akiwaonyesha wapiganaji kama wajinga, amewatukana. Akijifanya kwamba maji yalifanya kazi, amedanganya. Njia iliyobaki ni nyembamba: amfanye msomaji, kwa muda wa kurasa chache, ayatamani yale maji, aone kwamba kwa watu waliotengana kwa makabila na kuteswa na bwana mmoja, imani ile ndiyo iliyowaweka pamoja. Kuipita njia hiyo bila kuanguka upande wowote ni ufundi mkubwa.

Mwingine ni Adam Shafi. Kasri ya Mwinyi Fuad ilitoka 1978, miaka 14 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, wakati ambapo wasomaji wake wote walijua kasri zile zimekwenda wapi. Ingekuwa rahisi kuwajaza watumishi wa mashamba ya karafuu hasira za kimapinduzi tangu ukurasa wa kwanza. Badala yake akatupa Kijakazi, anayemtumikia bwana wake kwa utii wa moyo na haioni dhuluma ambayo msomaji anaiona waziwazi. Utii ule unachoma kuliko hotuba. Mtu akitaka kujua ubwana ulivyoingia mpaka ndani ya mifupa ya watu, amsome Kijakazi. Mwaka uliofuata ikatoka Kuli, na humo Rashidi na wenzake wa bandarini wanaelekea kwenye mgomo wa 1948 bila kujua kama watashinda au watafukuzwa kazi na kulala njaa.

Abdulrazak Gurnah naye, katika riwaya iliyoletwa kwetu kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022 kwa jina la Peponi, anamtembeza kijana Yusuf na msafara wa biashara mpaka bara, vita vya 1914 vikikaribia, na kijana mwenyewe akiwa na mawazo yake mengine kabisa.

Mtu anayeifanya kazi hii anaishije? Wengi huifanya pembeni ya kazi nyingine, usiku na siku za mapumziko. Gurnah alikuwa mwalimu wa chuo kikuu kwa miaka mingi. Hilary Mantel wa Uingereza, aliyekuja kusifika kwa Wolf Hall, aliandika riwaya yake ya kwanza, ya Mapinduzi ya Ufaransa, katika miaka ya 1970, sehemu yake akiwa Botswana. Wachapishaji wakaikataa, na haikutoka mpaka 1992.

Hata kungoja huko si kitu mbele ya kule kwa Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza mswada wake kwa Kikerewe mwaka 1945, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao. Hakuna aliyeuchapa. Alipoona lugha yake haina mchapishaji, mzee yule akaifanya tena kazi nzima, akautafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka Tanzania Publishing House mwaka 1980, miaka 35 baadaye. Ndani yake mna Ukerewe ya kabla ya Wazungu: jinsi mume anavyokwenda ukweni kumrudisha mke aliyechukuliwa kwa kukosa mtoto, jinsi pombe ya ndizi inavyotengenezwa, jinsi mgonjwa anavyoaguliwa. Wako wanaolalamika kwamba anakawia mno kwenye mambo hayo. Mimi nasema ukawiaji ule ndio heshima yenyewe. Watu wake hawakai kungojea kutawaliwa. Wana mashamba ya kulima, wakwe wa kuwaridhisha na mtoto wa kumwomba, na siku zao zimejaa.

Kitereza alifariki 1981. Kizazi alichokiandikia mwanzo, wale waliokuwa watu wazima Ukerewe mwaka 1945, wengi wao walikuwa wamekwisha kutangulia.

Kwa hiyo, wewe mwenye mswada wa namna hii kabatini, wa msafara, wa mgomo, wa njaa ya mwaka fulani ambayo bibi yako alinusurika nayo, usingoje upate muda, maana muda hauji. Umalize. Nanyi wachapishaji, ukiletwa, usomeni mpaka mwisho kabla ya kusema kwamba vitabu vya zamani haviuziki.